Kupendeza kwa Mshahara wa Kawaida Hapa Moshi

Mtu mwenye kipato cha kawaida anayeishi Moshi anaweza kuvaa vizuri mwaka mzima bila kukopa, kwa sababu mji huu una masoko ya mitumba yenye nguo bora na una mafundi cherehani wanaoijua kazi yao. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalitumia soko na kumsahau fundi. Fedha yote tuliyoitenga kwa ajili ya nguo inaishia sokoni, tunarudi nyumbani na mfuko mzito, kisha tunavaa sketi iliyolegea kiunoni na shati ambalo mabega yake yameshuka hadi mkononi, na hapo mtu hutambulika kwa mbali kwamba amevaa nguo iliyokatwa kwa ajili ya mwili mwingine. Mimi ninafanya kazi ofisini, ninatakiwa kuonekana nadhifu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, Jumapili niko kanisani, na sherehe za mkoa wetu kila mtu anajua zilivyo nyingi. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu ninaoushikilia kwa dhati: katika kila shilingi 30,000 ninazozitenga kwa nguo, 10,000 ni za fundi, na hizo haziguswi hata nikutane na gauni lililoniteka moyo.

Kazi ya kununua huanzia nyumbani, mbele ya kabati. Kabla ya kwenda sokoni ninatoa nguo zote na kuzitandaza kitandani, nikizitenga zile ninazozivaa mara kwa mara na zile zinazolala tu, na kila inayolala ninaitafutia sababu: imebana, haina ya kuvaliwa nayo, zipu imekufa, au upindo umefumuka nami nimekuwa nikisema nitaushona kesho. Nguo nyingi zinazolala zinahitaji matengenezo madogo tu, na zipu mpya pamoja na kazi ya kuishona ni gharama ndogo kuliko kununua sketi nyingine. Baada ya hapo ndipo ninapoandika kwenye karatasi kile ninachokikosa, kwa jina na kwa rangi, kwa mfano sketi nyeusi ya kitambaa inayofika chini ya magoti, au blauzi nyeupe ya mikono mirefu. Rangi zangu za msingi ni nyeusi, kahawia na bluu iliyokoza, na ninazipendekeza kwa yeyote mwenye fedha kidogo, kwa kuwa sketi ya bluu iliyokoza inakubali blauzi ya karibu rangi yoyote, na inakubali pia blauzi ya kitenge, wakati sketi ya zambarau itakudai viatu vyake, blauzi yake na pochi yake.

Kwa mitumba, hapa Moshi tunakwenda Memorial, na wengine wanapenda Kiboriloni, kwenye barabara ya kuelekea Himo. Wenzetu wa Arusha wana Samunge, na siku za soko wanatoka nje ya mji kwenda Tengeru au Ngaramtoni. Ni vizuri kuelewa biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu bei unayotajiwa inatokana na hapo. Muuzaji hununua belo likiwa limefungwa, mara nyingi la kilo 45, na maandishi ya nje humwambia tu aina ya nguo na daraja lake, yaani kama ni mashati ya kiume, sketi au sweta za watoto, na kama ni daraja la kwanza au la pili. Kilichomo haoni mpaka akate mikanda. Akifungua na kukuta kwamba nguo nzuri ni chache, hizo chache ndizo zinazopaswa kumrudishia fedha ya belo zima. Ndiyo maana asubuhi, mzigo ukiwa mpya, blauzi moja inaweza kutajwa kwa 15,000, na zikishachambuliwa zile zilizobaki humwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa 1,000. Anayetafuta kitu maalumu, kama koti la suti au viatu vya ngozi, aende asubuhi ya siku ya kufungua na akubali kulipa. Anayetafuta fulana za kulalia au nguo za watoto za kuchezea asubiri mlundo wa jioni. Mimi nina wauzaji wachache tuliozoeana, mmoja wa sketi na mmoja wa viatu, wananijua mwili na rangi zangu, na wakifungua mzigo hunipigia simu.

Wazazi wetu wanakumbuka enzi ambazo nguo hizi hazikuruhusiwa kuingizwa nchini kibiashara, mpaka milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Na ni hapa jirani, Arusha, ambako wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwezi Machi 2016 kuiondoa mitumba katika masoko yetu ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru na kuushikilia, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya kodi kwa nguo za Rwanda chini ya AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia kwake bila ushuru; Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Jambo hili ninalitafakari sana, kwa sababu ninawapenda wauzaji wangu wa Memorial na pia ninataka mashine za viwanda vyetu zizunguke. Nilivyoamua mimi ni kwamba makoti, sweta na suruali nzito, ambazo kuzishona upya ni ghali, ninazinunua mitumba, lakini magauni, blauzi za vitenge na sare za watoto za shule zinashonwa hapa hapa kwa kitambaa cha dukani, na ninapopata kitambaa kilichofumwa Tanzania ninakichagua hicho kwanza.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, ambao kwangu ndio moyo wa ununuzi wote. Nguo ikiingia mkononi ninaigeuza ndani nje kabla ya kuutazama uzuri wake. Ninaangalia mshono: uwe na hatua fupi zilizobanana, usiwe umevutika, na kingo za kitambaa ziwe zimefungwa vizuri ili zisifumuke baada ya kufuliwa. Ninaangalia upindo, kwa sababu upindo mpana unampa fundi nafasi ya kuirefusha sketi, na mshono wa pembeni wenye kitambaa cha ziada unampa nafasi ya kuipanua. Kama shati lina miraba au mistari, ninatazama kama mistari inakutana pale mshono wa pembeni ulipo na pale mfuko wa kifuani ulipopachikwa, kwa maana anayepoteza muda na kitambaa kulinganisha mistari hakulipua kazi mahali pengine. Kisha ninalinyanyua shati juu na kulitazama dhidi ya mwanga wa jua, kwapa moja baada ya jingine; alama ya njano iliyokomaa kwapani haitoki kwa sabuni yoyote niliyowahi kutumia, na kitambaa kilichochakaa huonekana hapo kama chujio la chai. Kwenye kola ninalifungua lile kunjo la shingo na kupitisha kidole, kwa sababu kola huanza kusagika pale kabla ya mahali pengine popote. Kwenye suruali ni makalio, magoti na mapaja kwa ndani. Kwenye sweta ni vitundu vidogo vya nondo, ambavyo huonekana tu ukiitandaza mbele ya mwanga.

Kitambaa chenyewe ninakijaribu kwa kukikunja ndani ya ngumi na kukiachia. Pamba na kitani hubaki na mikunjo, polista hurudi ilivyokuwa kana kwamba hukuigusa. Polista si mbaya kwa sketi ya kazini, kwa kuwa haikunjamani, lakini blauzi ya polista tupu katika joto letu la Januari na Februari ni mateso, na harufu ya jasho huing'ang'ania hata baada ya kufuliwa. Mwenye mashaka anaweza kuchomoa uzi mmoja uliolegea na kuuchoma akifika nyumbani, ili ajue siku nyingine: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, sufu hunuka kama nywele, polista huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Lebo yenye jina kubwa mimi siifuati. Jina la Zara au Marks na Spencer huongeza bei papo hapo, na blauzi iliyochakaa kwapani imechakaa, iwe na jina au isiwe nalo.

Kwa vile chumba cha kujaribia hakipo, ninakwenda sokoni nimevaa taiti na fulana ya kubana chini ya sketi pana, ili niweze kuvaa koti au kupandisha suruali bila kuvunja heshima, na ndani ya pochi nina futi ya fundi. Suruali unaweza pia kuipima kwa kuifunga kifungo na kuizungusha kiuno chake shingoni. Ncha mbili zikikutana nyuma ya shingo bila kuvutwa, kwa watu wengi itakaa kiunoni. Namba iliyoandikwa kwenye lebo isikuhangaishe, kwani 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani, na aliyelivaa gauni kabla yako anaweza akawa amelibana au kulipanua bila kubadilisha lebo. Jambo moja tu halina mjadala: koti na shati lazima vikutoshe mabegani. Kiuno kinapunguzwa, mikono inafupishwa, lakini kurekebisha mabega ya koti ni sawa na kulishona upya, na fundi atakutoza hivyo.

Katika kupatana bei ninapenda mazungumzo mafupi na ya heshima. Mara nyingi huwa hivi:

"Kaka, hii sketi bei gani?"

"Elfu nane, dada yangu. Shika kitambaa hicho, hicho hakichuji."

"Kizuri kweli, ila zipu haifungi mpaka juu. Nina elfu tano."

"Weka sita tuuziane."

Nikishaona kasoro ninaitaja kwa upole na kuiacha, bila kuidharau bidhaa ya mtu aliyeamka alfajiri kuipanga, kwa sababu sitaki tu sketi ya leo. Ninataka kesho kutwa aniwekee nyingine.

Nguo za ndani sinunui mitumba kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uingizaji wake kwa sababu za kiafya, na ingawa bado unaweza kuzikuta zimening'inizwa, fedha ya sidiria na chupi mpya ni lazima itengwe. Viatu ninanunua, lakini ninaikunja soli na kuibonyeza kwa ukucha, kwani soli nyingine zikikaa muda mrefu ghalani hukauka na kumeguka vipande wiki ya kwanza unapotembelea. Kiatu cha ngozi chenye soli ya kushonwa, hata kama kimepauka, ninakichukua bila wasiwasi, maana fundi viatu atakipiga soli mpya na rangi kitang'aa.

Majira nayo yana bei zake. Makoti na sweta huja kwa wingi katika mabelo, na wakati wa joto la Januari na Februari hakuna anayezitazama; huo ndio wakati wangu wa kununua sweta za Juni na Julai, wakati baridi inaposhuka kutoka mlimani na kila mtu wa Kibosho na Marangu anatafuta kitu kizito. Mwezi wa Desemba ninauepuka. Ndugu zetu wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi, mji unajaa, bei zinapanda na wauzaji hawana haja ya kupatana. Mwishoni mwa Januari, ada za shule zikishalipwa na mifuko ikiwa mitupu, hali hugeuka, na mwenye akiba ndogo aliyoihifadhi hununua vizuri.

Sasa fundi. Fundi wangu anakaa barazani na cherehani ya kukanyaga, na ninachompendea ni kwamba hapimi nguo ikiwa mezani. Ananitaka niivae nguo yenyewe, pamoja na viatu nitakavyovivaa nayo, kisha anazunguka na pini mdomoni, akibana pembeni, akirudi nyuma hatua mbili kutazama, akibana tena nyuma ya kiuno mpaka kitambaa kilale bila kuvimba. Hivi karibuni nilimpelekea koti la sufu la bluu iliyokoza nililolinunua kwa 9,000. Mabega yalikuwa yangu kabisa, lakini mikono ilifika katikati ya vidole na kiuno kilisimama kama cha koti la mwanamume. Aliifumua bitana kwenye mikono, akaifupisha mpaka ikafika kwenye kifundo cha mkono, akaurudishia ule upindo wa ndani kwa sindano ya mkono, akabana mshono wa mgongo kuanzia chini ya mabega hadi nyonga, na akaondoa vifungo vya plastiki vilivyopauka akaweka vyeusi vizito nilivyovinunua mwenyewe. Kila mshono alioumaliza aliupiga pasi kabla ya kuanza mwingine. Alinitoza 8,000. Koti hilo ninalivaa kwenye mikutano, na sijapata kuona dukani koti jipya la sufu linalokaribia jumla hiyo ya fedha.

Mambo mawili ninamwambia kila fundi ninayemwendea. La kwanza ni kwamba asikikate kitambaa anachokipunguza; akikunje ndani na kukishona, kwa sababu miili yetu inabadilika, hasa sisi tunaozaa, na sketi iliyoachiwa nafasi itafumuliwa na kuvaliwa tena baada ya miaka. La pili ni tarehe. Nguo ya kupunguza haipelekwi kwa fundi karibu na Pasaka wala kuanzia Novemba, wakati meza yake imefunikwa na sare za harusi na za kipaimara, kwani kazi ndogo huwekwa chini kabisa ya rundo, au hufanywa usiku kwa haraka.

Nguo ikishapatikana, matunzo ndiyo yanayoipa umri. Mtumba wa pamba ninauloweka peke yake mara ya kwanza, kwa maji ya moto na sabuni, kuondoa ile harufu ya ghalani. Sufu ninaifua kwa maji baridi, bila kuikamua kwa kuisokota, na kuilaza ikauke juu ya taulo ili isirefuke. Nguo za rangi ninazianika ndani nje na kivulini, maana jua la Moshi hupausha bega moja la blauzi nyeusi kabla hujalitambua. Suruali ya sufu ninaifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kupitisha pasi juu ya kitambaa hicho, ili isipate kung'aa.

Kuhusu mikopo, ninawahurumia kina mama wanaopita maofisini na vitenge na mabegi ya nguo za kulipia mwisho wa mwezi, kwa sababu wanahangaika kwa ajili ya familia zao, lakini bei ya mkopo huwa juu, na mtu hununua kilicholetwa badala ya anachokihitaji. Kama kuna kitu cha gharama ninachokitaka kweli, ninakwenda dukani na kudunduliza: ninalipa kidogo kidogo, kitu kinabaki kwa mwenye duka, na siku nikimaliza ninakichukua kikiwa changu.

Kinachovuruga bajeti ya nguo kuliko kitu kingine mkoani kwetu ni sare za sherehe. Harusi moja inaweza kukudai kitenge cha kicheni pati, kitambaa cha sendofu na kingine cha siku yenyewe, na wewe umealikwa kwenye tatu ndani ya msimu mmoja. Siwezi kumwambia mtu asishiriki, kwani sare ni alama ya upendo na kukataa kunaumiza; ninachofanya ni kuizungumzia mapema, kikao cha kwanza kabisa cha kamati. Ninaomba rangi iliyotulia na kitambaa cha pamba badala ya leisi inayong'aa, na ninaomba kila mtu aachiwe mshono autakao. Mimi basi hushona sketi na blauzi vitu viwili tofauti, sketi iwe ya kukaa wima na ya urefu wa kazini, ili baada ya sherehe sketi ivaliwe na shati jeupe ofisini na blauzi ivaliwe na suruali nyeusi. Mama mkubwa, ambaye mwanzoni aliona ninapunguza hadhi ya sherehe, mwaka huu ndiye aliyesimama kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu kusema kwamba kitambaa kiwe kimoja kwa kicheni pati na sendofu, na wanaotaka kubadilisha mwonekano wabadilishe kilemba. Kitambaa kimeshanunuliwa, kitenge cha bluu chenye majani madogo meupe, na changu nimekipeleka kwa fundi tangu wiki iliyopita, kabla foleni haijaanza.